Sweta la Sufu Lilivyofika Ziwa Nyasa, na Namna ya Kulifua

Nawasalimu ninyi mliokusanyika darasani Ipinda, Mwaya, Ngonga na Matema, na wewe pia unayesoma maneno haya peke yako nyumbani, labda baada ya kuwalaza watoto.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: SUFU. Wanafunzi walisome pamoja. Sasa andika chini yake: SUFI. Tazameni vizuri. Herufi moja tu ya mwisho imebadilika, na maana imekwenda mbali. Sufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi tunayojazia mito. Sufu ni manyoya ya kondoo yaliyosokotwa yakawa nyuzi, na nyuzi zikafumwa zikawa nguo. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Leo tunasoma habari za sufu: ilifikaje pande zetu hizi za kaskazini ya Ziwa Nyasa, na kwa nini imewaliza watu wengi siku ya kufua.

Nitaanza na jambo la nyumbani kwetu. Baba yangu alirudi kutoka migodi ya Johannesburg mwaka 1958, nami nilikuwa na umri wa miaka saba. Alishuka melini Mwaya. Alileta sanduku la bati, blanketi mbili, na sweta moja la sufu la rangi ya kijivu. Sweta hilo alilikunja vizuri akaliweka juu ya vitu vyote, ili sanduku likifunguliwa lionekane kwanza. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi mwaka mmoja na nusu.

Mama alikuwa mfuaji hodari. Nguo zake nyeupe ziliweza kuonekana toka mbali. Basi sweta lilipochafuka, alilitendea kama nguo ya heshima. Alichuja maji ya majivu ya migomba, akayachemsha katika chungu kikubwa cha Wakisi, akalitia sweta humo. Kisha akalipeleka mtoni, akalipiga juu ya jiwe, akalikamua kwa nguvu, akalianika juani. Jioni alipolianua, lilikuwa dogo, nene na gumu kama kipande cha ngozi. Mkono wa baba haukuweza kupita katika mkono wa sweta. Baba aliligeuza-geuza, hakusema neno. Mama hakula usiku ule.

Sasa nakuuliza, mwanafunzi: kosa lilikuwa la nani? Usijibu upesi. Mama alifanya kila alilofundishwa na mama yake, na alilofundishwa lilikuwa sahihi. Lakini lilikuwa elimu ya pamba. Nguo ya sufu ilikuwa imefika nyumbani kwetu bila elimu yake.

Turudi nyuma kidogo. Kondoo wa nchi yetu tunawajua wote. Ana mkia mnono, na mwili wake una nywele fupi kama za mbuzi. Hana sufu ya kusokota. Kwa hiyo Wanyakyusa, ingawa walifuga ng'ombe wengi na kondoo pia, hawakuwa na nguo ya sufu hata moja. Walivaa magome ya miti yaliyopondwa yakalainika, na ngozi, na pete za shaba kiunoni. Usidhani kwamba kwa sababu hiyo walikuwa wachafu. Msafiri Joseph Thomson, Mskoti, alifika ncha hii ya ziwa mwaka 1879, akasifu sana vijiji vya migomba na usafi wa nyumba zake. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1877, alipita Mwingereza James Frederic Elton, ambaye alikufa Ugogo mwaka huo huo akielekea pwani.

Nguo iliyotangulia kufika ziwani kwa biashara ilikuwa ya pamba. Ilitoka pwani, kwa njia za Kilwa, na kwa wafanyabiashara waliokaa Nkhotakota na Karonga. Mashuhuri ilikuwa merikani, nguo nyeupe iliyofumwa Marekani, na jina lake linatuambia kwao. Nyingine ilikuwa kaniki, nguo ya rangi ya buluu iliyokolea kama nyeusi. Hizi zote hazijali maji ya moto wala kupigwa mawe. Ukichemsha merikani, inatakata zaidi. Ndipo mabibi zetu walipojifunza ufuaji wao: moto, majivu, jiwe na jua.

Sufu ilikuwako pwani tangu zamani, lakini kwa watu wachache. Joho, lile vazi refu la mbele wazi linalovaliwa na wakubwa na mabwana harusi, asili yake ni nguo ya sufu. Bushuti nayo ni nguo nzito ya sufu. Hata fulana! Wengi hamjui kwamba neno hili limetokana na jina la Kiingereza la kitambaa cha sufu kilicho laini. Siku hizi fulana zetu ni za pamba, lakini jina limebaki na sufu yake.

Kwetu sufu ilikuja kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa misheni na serikali. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika nchi ya Rungwe, wakajenga vituo milimani na baadaye ziwani. Nyuma yao wakaja maofisa wa Kijerumani. Watu hawa walipenda kukaa juu, penye baridi. Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, una mvua na ukungu sehemu kubwa ya mwaka. Ziwa letu liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kiko karibu mita 2,960. Mtu anaweza kutoka jasho asubuhi Kyela na kutetemeka jioni milimani. Basi makoti, soksi na blanketi za sufu zilijaa katika nyumba za wageni, na nyumba hizo ziliajiri madobi.

Dobi ni neno la Kihindi, na kazi yake wakati wa ukoloni mara nyingi ilikuwa ya wanaume. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Nyumbani mwanamume hakushika nguo kufua, lakini kwa mshahara alifua soksi za mke wa bwana shauri, akazikunja kwa adabu. Madobi hao ndio waliojua siri ya sufu. Siri hiyo ilikaa katika nyumba za wakubwa, na haikutelemka upesi kuja mabondeni.

Mlango wa pili ulikuwa jeshi. Vita ya Kwanza ilifika hapa mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa kwenye matengenezo mahali panapoitwa leo Liuli. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Tukuyu. Katika vita hiyo na ile ya pili ya 1939 mpaka 1945, askari wa K.A.R. walipewa blanketi na masweta, na wengine walirudi na kabuti, lile koti zito la jeshi. Mzee aliyekuwa na kabuti hakuogopa kuvua samaki usiku.

Lakini mlango uliokuwa mpana zaidi ni wa tatu, yaani migodi. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na vijana wengi wa Rungwe na Kyela walikwenda huko. Wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na wengine wakaenda mbali zaidi, Afrika Kusini, wakiandikishwa na shirika ambalo watu wote walilijua kwa jina la Wenela.

Johannesburg iko juu sana, zaidi ya mita 1,700. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda ukawa barafu. Lakini chini ya mgodi, mwamba wenyewe una joto. Mtu alitoka shimoni ameloa jasho, akakutana na baridi ya juu. Vijana waliotoka nchi za joto kama yetu walikufa wengi kwa ugonjwa wa mapafu, hata mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikakataza kuandikisha watu wa kaskazini ya nyuzi 22 za latitudo. Katazo hilo liliondolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, makampuni yalipohitaji watu zaidi. Basi tukisema mfanyakazi alinunua sweta, tusidhani alinunua pambo. Alinunua kinga ya kifua chake. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ya Tanganyika iliusimamisha uandikishaji huo wa Wenela, nayo masanduku ya bati ya Johannesburg yakapungua bandarini.

Sasa tuitazame sufu yenyewe, tujue kwa nini sweta la baba liliharibika.

Sufu ni nywele. Haikuota shambani kama pamba, imeota juu ya mnyama. Ukitazama unywele mmoja wa sufu kwa darubini, utaona umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangana. Chukua mbasa mbichi, umpapase toka kichwani kwenda mkiani: mkono unateleza. Sasa papasa toka mkiani kwenda kichwani: magamba yanakukwaruza. Nywele za sufu ndivyo zilivyo. Ukizitia katika maji ya moto, magamba yanasimama. Ukizisugua au kuzipiga, kila unywele unasogea upande mmoja tu, kwa kuwa magamba yanauzuia kurudi. Zinasogeleana, zinashikana, zinafungana. Nguo inakuwa ndogo na nene. Hapo hakuna dawa ya kuirudisha, maana si uchafu ulioingia, ni nywele zilizofungana. Watu wa Asia wanaofuga kondoo wa sufu hufanya hivyo kwa makusudi. Huloweka sufu kwa maji ya moto, wakaisugua na kuikanyaga mpaka iwe kitambaa kinene, na kwa kitambaa hicho hujenga mahema. Kumbe mama yangu alitengeneza kitu cha maana, ila hakukitaka!

Majivu nayo yana lawama yao. Maji ya majivu ni makali. Ni ya jamii moja na magadi. Pamba inavumilia ukali huo, lakini sufu inaliwa nao. Ukichemsha kipande cha sufu katika magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale yanayoitwa kostiki, kitayeyuka chote kisionekane.

Hapa natoka njiani kidogo, kwa sababu sabuni inatuhusu sana watu wa Kyela. Sabuni ni mafuta yaliyochanganywa na magadi makali. Mafuta mazuri kwa kazi hiyo ni mawese, na michikichi tunayo hapa. Huko Uingereza, William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884. Akaona kwamba watu wanaipasua sabuni ya mche kwa kisu ili waiyeyushe kwa ajili ya nguo laini. Kwa hiyo mwaka 1899 akaanza kuuza sabuni iliyokwisha kukatwa vipande vyembamba, na mwaka uliofuata akaiita Lux. Ilikuwa sabuni ya kufulia sufu na hariri kabla jina hilo halijawa la sabuni ya kuogea. Lever alihitaji mawese mengi. Mwaka 1911 akapata ardhi kubwa Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na huko watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata vichane kwa malipo madogo. Povu lililolainisha masweta ya Ulaya lilikuwa na jasho la Kongo ndani yake. Sabuni ile haikuletwa kwetu na maelezo yake. Mama yangu hakuwahi kuiona.

Haya, turudi kwenye karai. Chukueni kalamu.

Kwanza ujue kama nguo yako ni sufu kweli. Masweta mengi yanayouzwa mitumba siku hizi, tangu biashara hiyo ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, si ya sufu bali ni ya nyuzi za kiwandani. Tafuta kipande kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo au ubavuni. Sufu kwa Kiingereza huandikwa W-O-O-L. Wewe uliyekuja darasani unaweza kuisoma herufi kwa herufi. Huenda pia ukaona alama ya duara kama kibunda cha uzi uliosokotwa; alama hiyo ya sufu safi ilianza kutumika mwaka 1964. Ukiona picha ya karai na mkono ndani yake, maana yake nguo ifuliwe kwa mkono. Kama hakuna maandishi, chomoa uzi mmoja upande wa ndani, uuchome mbali na nguo. Ukinuka kama nywele zilizoungua, na majivu yakasagika kwa vidole, ni sufu. Ukinuka kama karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka ukafanya kidonge kigumu, ni wa kiwandani.

Kabla ya kuloweka, chukua kamba upime urefu wa sweta, upana wa kifua na urefu wa mkono, ukifunga fundo kila kipimo. Utaihitaji kamba hiyo baadaye.

Maji yawe ya mvua kama unayo, na Kyela hatukosi mvua. Maji hayo ni laini, sabuni huyeyuka vizuri ndani yake. Yawe ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Usitumie sabuni kali ya kienyeji wala maji ya majivu. Sabuni ya kuoshea nywele ndiyo inayofaa hasa, na sababu umekwisha kuijua. Ukikosa, pasua sabuni ya kuogea vipande vyembamba, uiyeyushe kwa maji ya moto pembeni, uiache ipoe, ndipo uichanganye katika karai. Usisugue kipande cha sabuni juu ya nguo.

Zamisha sweta, ulibonyeze kwa viganja na kuliachia, kama mtu anayebonyeza sifongo. Basi. Usifikiche, usipige, usikamue. Dakika tano au kumi zinatosha. Unapolitoa, libebe kwa mikono miwili kutoka chini, maana sufu iliyoloa ni nzito na ukiinyanyua kwa mabega itarefuka. Suuza mara mbili au tatu kwa maji yenye joto lile lile. Wengi wanakosea hapa. Wanafua kwa vuguvugu, kisha wanasuuza kwa maji baridi ya kisimani. Badiliko hilo la ghafula huivuta nguo. Katika maji ya mwisho tia kijiko kimoja cha siki. Siki inaua ukali wa sabuni uliobaki, na harufu yake huondoka nguo ikikauka.

Kisha litandaze juu ya taulo au khanga kavu, ulikunje pamoja nayo kama mkeka, ulikanyage kidogo kwa mikono. Khanga itayanywa maji. Lifungue, chukua kamba yako, ulivute taratibu mpaka vipimo virudi mahali pake. Lianike likiwa limelala, kivulini penye upepo, wala usilitundike kambani.

Juu ya kuanika nina neno la kwetu, ambalo vitabu vya Ulaya haviandiki. Kuna nzi anayetaga mayai mchangani penye kivuli na juu ya nguo mbichi. Mayai yakigusa ngozi ya mtu, hutoka funza na kuingia mwilini, na mtoto huota jipu lenye mdudu ndani. Kwa nguo za pamba tunajikinga kwa jua kali na pasi ya moto. Sufu haitaki vyote viwili! Basi fanya hivi: usianike chini wala juu ya majani. Anika juu ya kichanja kirefu cha vyombo, na juu yake funika kwa chandarua cha zamani au khanga nyepesi. Ikikauka, tandaza kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya sweta, ndipo upitishe pasi ya mkaa juu ya kitambaa hicho, ukishusha na kuinua, bila kuburuta. Mvuke wa moto utapenya na kuua mayai, nayo sufu haitaungua. Kwa nguo ya mtoto mchanga usiache kufanya hivyo hata siku moja.

Unapoliweka kabatini au sandukuni, liwe safi na kavu kabisa. Nondo hula sufu, na hupenda zaidi ile yenye jasho. Kafuri kidogo husaidia.

Nimalizie habari ya nyumbani. Jirani yetu mmoja alikuwa amefanya kazi ya dobi Tukuyu miaka mingi. Baada ya siku tatu mama alikwenda kwake na sweta lile mkononi. Mzee yule alicheka kwanza, kisha akamwonyesha yote niliyowaeleza, isipokuwa habari ya magamba ambayo naye hakuijua. Blanketi mbili za baba zilidumu miaka mingi mikononi mwa mama, na majirani wakawa wanamletea zao. Sweta la kijivu alilivaa mdogo wangu. Lilimkaa sawasawa, na maji ya mvua hayakupenya.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi alete darasani kipande kimoja cha maandishi kilichoshonwa ndani ya nguo, au ayanakili maandishi yake katika daftari. Mwalimu ataandika maneno hayo ubaoni, myasome pamoja. Wiki ijayo tutaongea juu ya vyungu vya Wakisi na soko la Lyulilo.

Kwaherini, ndugu zangu.